Ua la Kivulini

Mwaka juzi nilirudi nyumbani Piyaya, Ngorongoro, nikiwa na jani moja nililolifunga kwenye karatasi yenye unyevu. Nilipewa na rafiki yangu Tanga. Kwetu ni mbuga ya wazi, jua na vumbi, kivuli unakitafuta. Nilichomeka kikonyo cha jani kwenye kopo la udongo mwepesi, nikaliweka barazani upande usiopigwa na jua. Mama akalitazama weee, kisha akauliza: "Mbuzi hawali, maziwa halitoi. Sasa hili la nini?"

"Ni ua la Usambara, yeyo."

Jibu refu ni hili. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, alilipeleka ua hili kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika rasmi: Saintpaulia ionantha. Kampuni ya Benary ya Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Likavuka hadi Marekani, ambako mwaka 1946 wapenzi wake waliunda chama chao kabisa. Leo limejaa madirishani mwa watu duniani.

Huko kwao Usambara ni mmea mfupi unaoishi chini ya miti mirefu, umeshikilia miamba yenye ukoga na unyevu. Jua kali huunguza majani yake. Ukiondoa kivuli, umeliondoa na ua.

Na kivuli ndicho kilichokatwa. Miaka hiyohiyo ya 1890 walowezi wa Kijerumani walikuwa wakifyeka misitu ya Usambara Mashariki wapande kahawa. Baadaye, enzi za Waingereza, ikaja chai. Hapo ndipo neno "ugunduzi" linaponikwama kooni. Wasambaa walikuwa wakiishi na ua hili kabla ya mkuu wa wilaya kufika. Ua likapewa jina lake, huku utawala wake ukiwapa walowezi ardhi ya kuling'olea paa. Msitu wa Amani ulikuja kutangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, zaidi ya karne moja baadaye.

Mwaka 2015 wanasayansi waliochunguza vinasaba walilihamishia ua hili kwenye jenasi ya Streptocarpus. Saintpaulia limebaki jina la kundi dogo ndani yake. Mkuu wa wilaya ameshushwa cheo, bwana! Lakini miti iliyokatwa hairudishwi kwa kubadili jina kitabuni. Jani moja linatosha kukupa ua. Msitu hauoti kwenye kopo.

Jani langu lilizaa miche mitatu. Nikamweleza mama namna ya kuitunza: maji uyaweke kwenye kisahani chini ya kopo, usiyamwagie majani, yataingia madoa. Akaitikia tu.

Juzi nilimpigia simu nikaulizia maua.

"Jua lilikuwa limegeukia upande ule," akasema. "Nimeyahamishia walipo ndama."

Pale ndipo penye kivuli kizuri kuliko pote bomani.