Vanadi: Jina Limepigwa Muhuri kwa Spana, na Hatujui Ni Nani

Leo tunaongea chuma, na mwisho tutafika kwa chai. Tulia.

Ingia gereji yoyote, iwe Litein, Sotik au Bomet mjini, uombe fundi akuonyeshe spana yake nzuri. Soma mkono wake. Mara nyingi utapata maneno mawili yamepigwa muhuri: Chrome Vanadium. Kromu tunaijua, ndiyo ile inang'aa kwa bampa. Lakini vanadi? Tunaisoma kila siku na hakuna anayeuliza ni nini. Mimi niliacha chuo, lakini kuuliza sijaacha. Nimeifuata hii stori, na kumbe inatuhusu sisi wa huku kuliko inavyoonekana.

Kwanza kitu chenyewe. Vanadi ni metali ya rangi ya fedha, namba 23 kwa jedwali la kemia. Inayeyuka kwa karibu nyuzi 1,910, wakati chuma kinayeyuka kwa nyuzi 1,538. Peke yake haina kazi nyingi. Kazi yake ni kuchanganywa. Karibu asilimia 90 ya vanadi ya dunia inaingia kwa chuma cha pua, na inawekwa kidogo sana: tani moja ya chuma cha spana inahitaji kama kilo moja au mbili tu. Ni kama majani kwa sufuria ya maziwa. Unatia vijiko vichache, sufuria yote inabadilika.

Inafanyaje? Chuma ukikiangalia kwa hadubini, kimeundwa na punje. Ukikipasha moto sana punje zinakua, na chuma cha punje kubwa kinavunjika haraka. Vanadi inashikana na kaboni iliyo ndani ya chuma, inatengeneza vijipunje vigumu sana, na hivyo vinazuia punje zingine kunenepa. Unapata chuma kigumu ambacho bado kinavumilia kugongwa na kukazwa. Ndiyo maana spana ya ukweli haipanuki mdomo ukiikazia nati yenye kutu ya trekta la majani. Nasema ya ukweli, kwa sababu kupiga muhuri ni rahisi kuliko kuweka vanadi.

Sasa historia, na hapa ndipo inauma.

Andrés Manuel del Río alizaliwa Madrid 1764, akaenda Mexico kufundisha elimu ya madini. Mwaka 1801 alikuwa anachunguza jiwe la risasi la rangi ya kahawia kutoka Zimapán, akapata kitu ambacho hakikuwa kwa kitabu chochote. Chumvi zake zilikuwa zinageuka rangi, akakiita pankromiamu, yaani cha rangi zote. Baadaye akaona zikichomwa zinakuwa nyekundu, akabadilisha jina kuwa erithroniamu.

Lakini Mexico ilikuwa koloni, na neno la mwisho la sayansi lilitoka Ulaya. Alexander von Humboldt akapeleka sampuli Paris. Mwaka 1805 mkemia Collet-Descotils akatoa hukumu: hakuna kitu kipya hapa, hii ni kromu tu. Na del Río akakubali. Akafuta madai yake mwenyewe. Mtu alikuwa sahihi, akaambiwa amekosea na watu wa jiji kubwa, akaamini.

Mwaka 1830, Nils Gabriel Sefström wa Uswidi akapata kitu kilekile ndani ya chuma cha Taberg. Akakipa jina kutoka kwa Vanadís, jina lingine la Freyja, mungu wa kike wa watu wa kale wa kaskazini. Mwaka uliofuata Friedrich Wöhler akarudi kwa lile jiwe la Mexico, akapima upya: del Río alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kuna mtu alipendekeza metali iitwe rioniamu ili naye akumbukwe. Halikushika.

Sefström hakuiba. Alifanya kazi yake vizuri. Lakini angalia mpangilio: aliyepata kwanza alikuwa mbali, mwenye kuthibitisha alikuwa Ulaya, na jina likabaki Ulaya.

Mpangilio huo ulijirudia kwa pesa. Mwaka 1908 Ford alitoa gari la Model T, na vyuma vyake vya kazi ngumu, kama ekseli, springi na gia, vilikuwa na vanadi. Madini mengi ya enzi hizo yalichimbwa Minas Ragra, juu milimani Peru, yakaenda Marekani. Gari hilo linajulikana dunia nzima. Minas Ragra wewe umeisikia leo.

Na zile rangi za del Río hazikuwa mapambo. Vanadi ndani ya maji ya asidi inaweza kuwa zambarau, kijani, buluu au njano, kutegemea imepoteza elektroni ngapi. Miaka ya 1980, Maria Skyllas-Kazacos na wenzake Sydney wakatumia tabia hiyo kutengeneza betri ya matangi mawili, yote ya vanadi, ya kuhifadhi umeme mwingi. Mwaka 2022 China iliwasha moja kubwa sana kule Dalian. Kwa hivyo hii metali haiendi mahali.

Na jirani yetu anayo. Liganga, wilaya ya Ludewa mkoani Njombe, Tanzania, kuna mlima wa chuma chenye titani na vanadi ndani yake. Mwaka 2011 shirika la serikali, NDC, liliingia ubia na kampuni ya China, Sichuan Hongda: Wachina asilimia 80, Tanzania 20. Zaidi ya miaka 10 ikapita bila chuma kutoka. Mlima uko palepale, na spana bado zinakuja kwa kontena.

Sasa chai. Majani yetu, yakitoka Kapkoros, Tirgaga au Litein, mengi yanaingia kwa magunia, yanashuka mnadani Mombasa, yanachanganywa na mengine ng'ambo, halafu pakiti inaandikwa jina la mtu mwingine. Sisi ni Zimapán. Sisi ni Minas Ragra. Tunatoa kile kijiko kinachobadilisha sufuria, na jina linapigwa kwingine.

Hata kwa mashine ni hivyo. Mwaka 2010 wafanyakazi wa chai waligoma kwa sababu ya mashine za kuvuna. Mei 2023 zingine zilichomwa Kericho. Hasira naielewa, ni kazi za mama zetu zilienda. Lakini moto uliunguza chuma tu. Kujua chuma hicho kimetengenezwaje, kinachongwaje, kinarekebishwaje, hiyo haikuwa hapa hata kabla ya kiberiti, na ndiyo yenye pesa.

Kupata kitu ardhini au shambani haijawahi kutosha, muulize del Río. Anayekithibitisha na kukimalizia ndiye anayekipa jina. Wewe fundi wa umri wangu unayesoma hii na mikono ya grisi: ukipima kitu na ujue uko sahihi, usikifute kwa sababu Paris imesema hapana. Pima tena. Andika. Halafu piga muhuri wako.