UCHUMI UMEPANDA AU UMESHUKA? UKIWA TANDAHIMBA, FUATA KOROSHO

Kila msimu ukikaribia naulizwa swali lile lile kijiweni: "Wewe unayeshinda kwenye kompyuta, hebu tuambie, uchumi umepanda au umeshuka?" Nimeamua niandike mara moja, mtu akiuliza tena nampa hii asome.

Mimi si mchumi, nimeishia kidato cha nne. Lakini hapa kwetu huhitaji digrii kuona sera imefanya nini, maana wilaya karibu nzima inategemea zao moja. Wakibadilisha kitu Dodoma, miezi michache baadaye unakiona kwenye mabati, kwenye pikipiki mpya, na kwenye idadi ya watoto waliorudishwa nyumbani kwa ada.

Anza na tani. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000. Msimu wa 1986/87 zikabaki kama 16,500 tu. Soma tena hizo namba! Mikorosho haikuchomwa moto na mtu. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali porini, bei ya mkulima ikawa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia. Kichekesho ni kwamba miaka hiyo hiyo vilijengwa viwanda vikubwa vya kubangua kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Newala na Masasi vikiwemo. Viwanda vikaja, korosho zikaondoka.

Cha pili ni bei, na hapa wengi wanajichanganya. Tangu 2007 tunauza kwa stakabadhi ghalani. Unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unaenda ghala kuu, halafu chama kikuu (sisi na Newala ni TANECU) kinapiga mnada. Kabla ya hapo mnunuzi alikuja mlangoni na bei yake. Na kangomba hajafa, yule anayekupa hela wakati wa njaa halafu msimu ukifika unamlipa kwa bakuli lake. Sasa ukisikia redioni bei ya mnada, hiyo siyo ya mfukoni. Kuna makato ya chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri. Ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 anaulipa mnunuzi, ndiyo, lakini usidhani hauhesabu anapoandika bei yake.

Cha tatu ndicho kizito: hela ya kodi inakwenda wapi. Korosho ghafi ikitoka nje hulipiwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, yoyote iliyo kubwa. Nia ilikuwa kuwabana wauzaji ili tubangue hapa hapa, ingawa mzigo mkubwa umeendelea kwenda India na Vietnam. Kwa sheria ya 2009, asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuendeleza zao: salfa, miche, utafiti. Juni 2018 Bunge likapitisha hela yote iingie mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa Lindi na Mtwara walipiga kelele sana, haikusaidia.

Miezi michache baadaye ndiyo ikaja Oktoba 2018. Mwaka mmoja nyuma bei ilikuwa imefika 4,000, safari hii wanunuzi wakaja na 2,700 hivi, wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa kuuza. Tarehe 10 Novemba Rais Magufuli akawaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda, siku mbili baadaye akatangaza serikali inanunua zote kwa 3,300 na jeshi litabeba. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia.

Piga hesabu. 3,300 kwa kilo ni milioni 3.3 kwa tani. Tani 200,000 ni bilioni 660. Na hapo hujapata mteja. Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kenya, Indo Power, ichukue tani 100,000. Ukafa mwezi wa tano. Huku vijijini kukawa na uhakiki wa mashamba ili kukamata kangomba, na malipo ya wengine yakaburuzwa ndani ya 2019. Nchi nzima ilitoka tani kama 313,000 msimu wa 2017/18 ikaja 225,000 hivi msimu uliofuata, na 2022/23 ikashuka hadi kama 189,000.

Je, ni sheria ya Juni 2018 peke yake? Sisemi hivyo. Hali ya hewa ipo, na sisi tunapakana na Msumbiji: bei ikiwa nzuri upande huu wa Ruvuma, korosho hazina pasipoti, kwa hiyo tani 313,000 huenda hazikuwa zetu zote. Lakini salfa hupulizwa katikati ya mwaka, na asiyepuliza havuni. Hiyo anaijua hata bibi yangu.

Mwaka huo huo wa 2018 serikali ilitangaza uchumi umekua kwa asilimia 7. Benki ya Dunia ikasema 5.2. Na Septemba 2018 ilipitishwa sheria ya takwimu: ukitoa namba zinazopinga za serikali, faini si chini ya milioni 10 au kifungo si chini ya miaka mitatu. 2019 ikalegezwa. Nawakumbusha kwa sababu kuna wanaodhani hesabu hizi ni mchezo wa vijana wa kafe.

Halafu msimu wa 2024/25 zikapatikana tani zaidi ya 528,000, haikuwa imewahi kutokea kabla ya hapo, na mnada wa kwanza wa TANECU ukavuka 4,000. Ukisikia sifa hizo, uliza: 4,000 ya 2017 na 4,000 ya 2024 zinanunua mifuko mingapi ya saruji? Mimi naandika kwenye daftari kila mnada: bei, makato, siku kutoka mnada hadi hela kuingia, na bei ya mfuko wa salfa.

Mwenye karatasi ya malipo ya msimu wowote tangu 2007, afiche jina aniletee ninakili. Za kwangu zinaanzia 2015, na msimu wa 2018/19 nina tatu tu.