Watu wa Mtoni Wasio na Mto

Yasemekana kwamba Wahispania wa kwanza waliofika katika nchi iitwayo leo Arizona, walipowasaili wenyeji mambo wasiyoyafahamu, walijibiwa neno lililo karibu na "pima", maana yake "sijui", na neno hilo likawa ndilo jina la kaumu nzima. Nasi tusemao Kiswahili hatuna budi kutabasamu, kwani kwetu jina hilo ni amri, na amri hiyo ilikuja kutekelezwa juu ya watu wale, kwa mizani na kwa sindano, kuliko juu ya kaumu nyingi za dunia. Wenyewe hujiita Akimel O'odham, yaani watu wa mtoni, na mto huo ni Gila.

Katika mto huo ilikuwamo riziki yao yote. Walirithi kwa wahenga elimu ya kuchimba mifereji na kugawana maji, wakalima mahindi, maboga, pamba na maharage madogo ya tepari yastahimiliyo ukame, kisha na ngano walipoipata kwa Wahispania. Nyikani waliokota maganda ya mti wa mesquite, ambao jamaa yake watu wa Baringo na Garissa nchini Kenya huuita mathenge na kuulaani kwa miiba yake. Wanawake waliyatwanga kinuni hata yakawa unga mtamu, ambao utamu wake, mfano wa wanga wa tepari, huingia damuni polepole. Mwaka 1849, wasaka dhahabu walipopita kwa maelfu kwenda California, wengi walishiba jangwani kwa ngano ya Wapima.

Shukrani waliyolipwa ilikuwa chungu. Tangu mwisho wa miaka ya 1860 walowezi walikaa upande wa juu wa mto, wakayageuza maji kuelekea mashamba yao, hata mifereji ya Wapima ikabaki mitaro ya vumbi. Njaa ikaingia, na watu wakaikata miti yao ya mesquite wakaiuza kuni wapate kula. Serikali ikaleta posho ya unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Mwanamke aliyekuwa akitwanga sasa akawa akikanda: huutandaza unga kwa viganja mpaka uwe mwembamba, huutumbukiza katika mafuta yachemkayo, nao huvimba ukawa mkate ambao mtu wa pwani angedhani ni ndugu wa andazi. Mkate huo uliozaliwa na dhiki, leo wako wauhesabuo kuwa chakula cha asili. Bwawa la Coolidge, lililozinduliwa 1930 kwa ahadi ya kuwarudishia maji yao, halikuwarudishia ya kutosha.

Baada ya chakula kugeuka, ukafuata ugonjwa, ingawa si papo hapo. Elliott Joslin, tabibu mashuhuri wa kisukari kutoka Boston, aliandika mwaka 1940 kwamba maradhi hayo hayakuwa mengi kwa wenyeji wa asili wa Arizona kuliko kwa watu wengine. Mwaka 1965 watafiti wa serikali ya Marekani wakaanza kuwapima Wapima, na 1971 wakatangaza kwamba nusu ya waliotimiza miaka 35 walikuwa nayo. Nasaba haigeuki kwa miaka thelathini, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo palipostahili kuulizwa mto ulikwenda wapi; walakini swali lililoshika nguvu lilikuwa ni kipi kilichomo damuni mwao. Mtaalamu wa jeni James Neel alikuwa amekwisha toa rai, mwaka 1962, kwamba huenda ziko jeni za kuweka akiba, zilizowafaa wahenga wakati wa njaa kwa kuhifadhi mafuta mwilini, na ambazo neema isiyokoma huzigeuza kuwa sumu. Rai hiyo ilipendeza mno, labda kwa kuwa haimdai mtu maji.

Wako Wapima wengine, ndugu wa wale kwa asili, wakaao Maycoba katika milima ya Sierra Madre nchini Meksiko, wakila maharage, mahindi na viazi, na kufanya kazi za sulubu shambani na msituni. Walipopimwa katika miaka ya 1990, wenye kisukari walionekana ni takriban asilimia 7, ilhali wale wa Arizona walikuwa asilimia 38. Sikusudii kusema kwamba urithi ni hadithi tupu. Lakini huko Arizona kwenyewe lilidhihirika jambo la ajabu zaidi: kati ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, aliyezaliwa baada ya mama kushikwa na kisukari alikuwa katika hatari kubwa kuliko aliyemtangulia kabla mama hajaugua. Damu ya wazazi ni ile ile. Kilichobadilika ni tumbo la uzazi, na tumbo lile lilikuwa limekwisha kula posho.

Mwaka 2004 sheria ya Marekani iliwakubalia Wapima haki ya maji mengi, na mashamba ya tepari yameanza tena kuonekana. Fungu kubwa la maji hayo hutoka mto Colorado, kwa mfereji wa saruji ukatao jangwa. Gila yenyewe, ipitapo katika nchi yao, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga.