Mguu Mmoja na Sadaka ya Nchi Nzima

Sisi tuliozoea mchango wa arusi na wa matanga, ambao kila mtu hutoa alichojaaliwa na jina lake likaandikwa daftarini, huenda tukastaajabu kuona watu wakitoa fedha zao kwa sababu tu jirani yao ameazimia kukimbia maili 26. Walakini desturi hiyo ina asili zake, na mojawapo iliyo mashuhuri mno ni habari ya kijana wa Kanada, Terry Fox.

Mwezi wa Machi 1977, akiwa na umri wa miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa saratani ya mfupa, na usiku wa kuamkia upasuaji huo alisoma habari za Dick Traum, mtu wa mguu mmoja aliyeimaliza marathoni ya New York mwaka 1976. Kisha ikafuata miezi 16 ya matibabu, akiwatazama wagonjwa wenziwe, na watoto miongoni mwao, wakidhoofika na wengine wakifariki. Na hapo ndipo nia ya kuchangisha fedha za kupambana na saratani ilipomwingia.

Wasimulizi aghalabu huyapita mbio maandalizi yake, nami naona ndiyo kiini cha kisa. Alianza mazoezi mapema mwaka 1979, akiwaambia jamaa zake kwamba ataka kushiriki marathoni basi, ilhali moyoni ameficha azma ya kuikata Kanada nzima kwa miguu. Mguu wa bandia wa zama zile haukuundwa kwa mbio, hata ikambidi kuruka mara mbili kwa mguu mzima ili kuupa ule mwingine wasaa wa kurudi mbele, na kigutu kikichubuka na kutoka damu. Katika mashindano ya mbio ya mji wa Prince George alifika wa mwisho, dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia, akapokewa kwa makofi na machozi, na baada ya hapo akaifichua siri. Mama yake alipinga, kisha akaridhia. Na ni huyo mama aliyemwomba apumzike siku ya Krismasi, naye amekwisha kukimbia siku 101 bila ya kukosa hata moja.

Tarehe 12 Aprili 1980 alitia mguu wake katika maji ya Atlantiki, mjini St. John's, akashika njia, akikimbia karibu kilomita 42 kila siku. Huko Port aux Basques, mji wa watu kama 10,000, alikabidhiwa zaidi ya dola 10,000. Quebec alipata kidogo, na magari yakimsukuma nje ya barabara. Toronto watu 10,000 walimlaki. Naye alikataa katakata kupata faida yoyote kwa jina lake.

Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, baada ya siku 143 na kilomita 5,373, alisimama: saratani imefika mapafuni. Hata Februari 1981 michango ilikuwa imepita dola milioni 24, yaani dola moja kwa kila raia, kama alivyotaka. Alifariki tarehe 28 Juni mwaka huo, na Septemba ikafuata mbio ya kwanza ya kumkumbuka, iliyohudhuriwa na watu 300,000. Mbio hiyo hukimbiwa kila mwaka hadi leo, na haina mshindi wala tuzo. Asiyeweza kukimbia hutembea.