Kutembelea nchi ya zabibu kwa siku moja: mvinyo wa mapovu ni nini, na Dodoma kuna nini cha kuona

Kwenye harusi ya ukumbini, iwe Sumbawanga mjini, Matai au Laela, MC akishatangaza shampeni kila mtu huinua simu. Kizibo kinaruka, povu linamwagika, maharusi wanagonganisha glasi. Chupa ile tumeizoea, ila wengi wetu hatujawahi kuona shamba ambako kinywaji cha namna hiyo huanzia. Katika makala haya tunaeleza mapovu yale yanatoka wapi, na msikilizaji wa Ufipa afanye nini akitaka kutembelea nchi ya zabibu kwa siku moja, ale chakula cha mchana huko huko na kurudi salama.

Tuanze na jina. Champagne ni eneo la Ufaransa, mashariki ya jiji la Paris, na kwa sheria za Ulaya ni mvinyo wa mapovu wa eneo hilo peke yake unaoruhusiwa kuitwa hivyo. Mwingine wowote, hata ukiwa mzuri namna gani, ni mvinyo wa mapovu tu. Afrika Kusini wanautengeneza kwa njia ile ile ya Wafaransa, na shamba la Simonsig lililoko Stellenbosch lilianza na zabibu za mwaka 1971. Huku kwetu kila chupa inayolia "pa!" inaitwa shampeni, na hilo si kosa kubwa. Ila soma lebo kabla ya kununua. Baadhi ya chupa zinazofunguliwa harusini ni juisi ya zabibu au ya tufaha iliyotiwa gesi, haina kileo kabisa, na mara nyingine muuzaji huiuza kwa bei ya kitu kingine.

Mama yeyote wa Ufipa anayepika pombe ya ulezi anaijua nusu ya kazi hii tayari. Ulezi unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa na kusagwa, kwa sababu punje ile imejaa wanga, na kuota ndiko kunakougeuza wanga kuwa sukari. Baada ya hapo hamira, vijidudu visivyoonekana kwa macho, hula ile sukari na kutoa vitu viwili: kileo na hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo inayofanya pombe ichemke bila moto, na ndiyo inayovimbisha dumu ukilifunga kabla ya wakati. Zabibu haihitaji kuoteshwa. Sukari imo ndani ya tunda, ukilikamua tu kazi inaanza.

Kwa mvinyo wa kawaida hewa ile huachwa itoke. Kwa mvinyo wa mapovu hufungiwa ndani. Mvinyo ulioiva hutiwa kwenye chupa nene pamoja na sukari kidogo na hamira mpya, kisha chupa inafungwa. Hamira inaanza kula tena, lakini safari hii hewa haina pa kutokea, kwa hiyo inayeyuka ndani ya kinywaji. Mgandamizo ndani ya chupa hufika mara mbili na zaidi ya ule wa tairi la gari dogo. Ndiyo maana chupa ni nzito, kitako chake kimebonyea ndani, na kizibo kimefungwa kwa waya. Mashapo ya hamira huondolewa kwa kuigeuza chupa kidogo kidogo mpaka isimame kichwa chini, shingo inagandishwa kwa baridi kali, kizibo kinafunguliwa, na kipande cha barafu chenye mashapo kinaruka nje. Kule Champagne chupa haiuzwi kabla ya miezi 15 tangu ijazwe. Njia nyepesi ni kufanya kazi hiyo hiyo ndani ya tangi kubwa, kama Waitalia wanavyofanya kwa Prosecco. Iliyo nyepesi zaidi ni kupuliza gesi ndani kama soda.

Hapa tuseme neno moja la tahadhari. Usijaribu kuifungia pombe ya ulezi au juisi inayochacha kwenye chupa ya kioo ili upate mapovu. Chupa ya kawaida haikutengenezwa kwa mgandamizo huo. Inapasuka, na vipande vyake huenda machoni. Hata chupa halali ya harusini ifungue ikiwa imepoa, shikilia kizibo kwa kiganja, zungusha chupa na siyo kizibo, na usiielekeze kwa watu. MC hatafurahi, lakini macho ni mawili tu.

Nchi ya zabibu iliyo karibu nasi

Ufaransa watalii huondoka Paris asubuhi kwa treni, hufika Reims au Épernay, huteremka kwenye mahandaki yenye maelfu ya chupa, huonja, hula chakula cha mchana na kurudi jioni. Milima, nyumba na mahandaki ya Champagne yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Kwa Mtanzania nchi ya zabibu ni Dodoma.

Zao hili lilipelekwa Dodoma na wamisionari wa Kikatoliki, na Bihawana, kusini magharibi ya mji, ndilo jina linalotajwa kwanza kila historia yake inaposimuliwa. Padre anahitaji divai ya misa, na ardhi kavu ya Ugogo ikaonekana kuupenda mzabibu. Baadaye serikali ikaanzisha utafiti Makutupora, kaskazini ya mji, kituo ambacho sasa kipo chini ya TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo. Aina ya zabibu nyekundu iliyoenea zaidi kwa wakulima inaitwa kwa jina la mahali hapo, Makutupora. Nyeupe inayojulikana ni Chenin Blanc, ambayo asili yake ni Ufaransa. Hombolo kuna kiwanda cha CETAWICO kilichoanzishwa na wawekezaji wa Kiitaliano, na mjini kuna Alko Vintages, ambao kinywaji chao cha Dompo kimefika mpaka kwenye vilabu vya vijijini.

Kinachowashangaza wageni kutoka Ulaya ni mavuno mawili kwa mwaka. Kwao mzabibu hulala wakati wa baridi kali. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha: anapogoa matawi, mti unachipua, na baada ya miezi michache kuna matunda. Mavuno ya kwanza huwa kuanzia Februari au Machi, ya pili kuanzia Agosti. Ukitaka kuona mashada yamening'inia, panga safari kwa miezi hiyo. Ukienda Juni unaweza kukuta fito, waya na majani, na mwenyeji mwenye muda mwingi wa kuzungumza, jambo ambalo nalo lina faida yake.

Tusidanganyane kuhusu umbali. Kutoka Sumbawanga hadi Dodoma ni siku nzima barabarani, kupitia Tunduma, Mbeya na Iringa. Kwa hiyo "siku moja" tunayoizungumzia inaanzia Dodoma mjini, kwa mtu ambaye ana sababu nyingine ya kwenda huko: kufuatilia jambo wizarani, kumpeleka mtoto chuo, kusalimia ndugu. Abiria wa basi linalotoka Iringa kupitia Mtera hupita Mpunguzi na Bihawana, katikati kabisa ya mashamba. Aliyeko Dar es Salaam anaweza kutumia treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma Julai 2024 na inayochukua chini ya saa nne.

Siku yenyewe hupangwa hivi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mnaenda shambani na mwenyeji. Baada ya hapo kiwandani, kuona mashine za kukamua, matangi ya chuma na mapipa. Kisha kuonja, kisha chakula. Viwanda na kituo cha Makutupora havipo wazi kama soko. Mgeni hupiga simu au kuandika mapema na kupangiwa saa. Ukichukua mwongozaji, uliza kama kampuni yake ina leseni ya biashara ya utalii, na kabla ya kutoa fedha pata majibu ya mambo manne kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: usafiri umo kwenye bei au la, chakula kimo au la, mtaonja aina ngapi, na mtarudi saa ngapi. Malalamiko mengi ya safari za aina hii huzaliwa hapo, siyo kwenye mvinyo.

Shambani usichume na kula bila kuuliza. Mizabibu hupuliziwa dawa za ukungu, na ile rangi nyeupe au ya bluu unayoiona juu ya majani siyo vumbi. Mwenyeji anajua ni mstari upi una siku za kutosha tangu upuliziwe.

Kuonja kuna utaratibu wake. Unamiminiwa kidogo, unanusa, unazungusha mdomoni, na ukitaka unatema kwenye ndoo. Kutema si dharau. Wataalamu wote hutema, wasingeweza kufanya kazi hadi jioni. Mvinyo una kileo cha asilimia 11 hadi 13 hivi, wakati bia nyingi za chupa ni karibu asilimia 5, na wenye mapovu hupanda kichwani haraka kwa watu wengi. Anayeendesha gari au bodaboda asionje. Mjamzito na aliye chini ya miaka 18 wapewe juisi ya zabibu, ambayo kwa maoni yetu ni kitu kitamu kuliko nusu ya mivinyo.

Chakula cha mchana tunashauri kiwe cha Wagogo wenyewe: ugali wa uwele au wa mtama na mlenda, pamoja na kuku wa kienyeji. Ikiwa ni Jumamosi, mnada wa Msalato upo kwenye barabara hiyo hiyo ya Makutupora, na nyama choma yake inajulikana nchi nzima. Mvinyo mwekundu na nyama ya kuchoma vinapatana. Mweupe na wa mapovu huendana zaidi na samaki na vyakula vyenye chumvi. Mfipa aliyezoea migebuka ya Ziwa Tanganyika hatahitaji kuelezwa sana kwa nini.

Muulize mkulima swali la soko

Sehemu ambayo watalii wengi huiruka ndiyo tunayoona ina faida kwa msikilizaji mkulima. Zabibu iliyokomaa haisubiri. Siyo mahindi ya kuweka kihenge ukingoja bei. Ikichumwa inadumu siku chache, na ikiachwa mtini inaoza au inaliwa na ndege. Kwa hiyo kiwanda kikikawia kununua, mwenye shamba anabaki bila nguvu yoyote ya kujadiliana. Wakulima wa Dodoma wamelia na jambo hili kwa miaka mingi. Njia mojawapo waliyoishika ni kukamua wenyewe na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, ambao hukaa kwenye matangi na kumpa mkulima muda wa kutafuta mnunuzi. Uliza tangi ni la nani, la ushirika au la mtu binafsi, na nani anapanga bei. Majibu yake yatakufundisha kuliko hotuba ya kiwandani.

Je, tuupande mzabibu Ufipa? Swali hili huja kila mtu anaporudi kutoka huko. Dodoma ipo mita 1,100 hivi juu ya bahari, mvua yake ni chache na kiangazi ni kirefu na kikavu. Sumbawanga ipo karibu mita 1,800, na mvua zetu zinaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili zikiwa nyingi. Majani yanayolowa miezi sita ni makazi ya ukungu, na ukungu ndiye adui wa kwanza wa mzabibu. Juni na Julai kuna baridi inayouchelewesha mti. Hatusemi miche michache nyuma ya nyumba haitazaa. Tunasema mtu akija na gari la miche akikuahidi utajiri wa ekari nzima, mpeleke kwanza kwa afisa ugani wa kata, na umuulize mnunuzi wa karibu yuko wapi. Nguzo na waya vinagharimu kabla ya shada la kwanza, na mavuno ya maana huja mwaka wa pili au wa tatu.

Kinachoweza kuigwa bila mche hata mmoja ni ile safari. Barabara ya lami kutoka Sumbawanga kupitia Matai inafika bandari ya Kasanga, na upande huo huo kuna maporomoko ya Kalambo, maji yanayoanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja mpakani na Zambia. Karibu na hapo, upande wa Zambia, watafiti walifukua magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale kiasi cha miaka 476,000 iliyopita, na habari hiyo ilitangazwa duniani mwaka 2023. Msitu wa Mbizi upo jirani na mji wa Sumbawanga, na kutoka ukingo wa uwanda bonde la Ziwa Rukwa linaonekana lote chini. Kikundi cha akina mama wenye sufuria, migebuka, ugali wa ulezi na mtu mmoja anayeweza kueleza jinsi ntumba, yale matuta ya mboji ya Kifipa, yanavyofukiwa majani ili yarutubishe udongo, tayari wana siku nzima ya kumuuzia mgeni, chakula cha mchana kikiwemo. Leseni na taratibu za kuingiza wageni Kalambo zinaulizwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwenye ofisi ya halmashauri pale Matai.