Mkondo wa Chini kwa Chini

Iguguno, wilayani Mkalama, kando ya barabara ya Singida–Nzega, mtu husajili laini ya simu kwa alama ya kidole na kazi ikaisha. Saini ya kidijitali bado ni ngeni kwa wengi, ijapokuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua saini za kielektroniki. Na ndani ya saini hiyo mna jambo ambalo kwa Kiswahili bado tunalizungukazunguka.

Mwaka 1983 Gustavus Simmons, Mmarekani wa maabara za Sandia, alieleza kisa cha wafungwa wawili. Mkuu wa gereza anawaruhusu waandikiane, mradi asome kila barua. Wao wanataka kila barua iwe na saini, isije ikaghushiwa. Mkuu anasoma, anahakiki saini, haoni kasoro. Kumbe mpango wa kutoroka umepita mbele ya macho yake, ndani ya saini yenyewe.

Mfumo wa saini za kidijitali uitwao DSA hutaka namba nasibu mpya kila unapotia saini. Mwenye nia yake huweka maneno mahali pa namba hiyo, na mwenzake anayeujua ufunguo wa kusaini huikokotoa akayasoma. Katika DSA ya awali namba hiyo ilikuwa ya biti 160, nafasi ya herufi 20 hivi. “Njoo kesho Iguguno” inaenea, na nafasi inabaki.

Tuuiteje mkondo huu? “Njia ya siri” haitoshi: sanduku lenye kufuli nalo lina siri, lakini kila mtu analiona. “Fumbo” linanivutia zaidi, maana ni mali yetu na kanga zimelibeba miaka na miaka. Ila jirani akiisoma kanga hujua kuna anayesemwa, ilhali mkuu wa gereza hashtuki hata kidogo.

Mimi nachagua “mkondo wa chini kwa chini”. Ndivyo tusemavyo mambo yanapoendeshwa bila wenyewe kujua, na mwenye duka wa Iguguno ataelewa bila kufungua kamusi. Ana haki ya kuelewa, kwa sababu mtengenezaji wa kifaa cha kusaini anaweza kuuvujisha ufunguo wa mteja wake kwa njia hiyohiyo, kidogo kidogo, huku kila saini ikithibitika kuwa sahihi. BAKITA wakiketi kujadili istilahi za usalama wa mitandao, nawaomba walipime neno hili.