Nyota, kiwimbi na mabano: Fahamu alama zinazopanga ujumbe wako mtandaoni

Mkulima yuko shambani Kwedizinga, wilayani Handeni. Simu inalia, ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp. Una mistari 14: salamu, majina ya waliochangia, na katikati kabisa taarifa kwamba kikao kimehamishwa kutoka Jumamosi kwenda Jumapili. Anasoma mistari mitatu ya juu, anairudisha simu mfukoni. Jumamosi anapanda bodaboda, analipa nauli, anakuta mlango umefungwa.

Nyota mbili tu zingetosha kumwokolea nauli hiyo.

Alama hizi ni nini?

Ni vialama vya kawaida vya kibodi vinavyowekwa mwanzoni na mwishoni mwa neno ili programu ilionyeshe kwa namna nyingine: nzito, lililolala au lililokatwa mstari. Hazihitaji kompyuta wala programu ya ziada, na hazimalizi bando.

WhatsApp ilizileta mwaka 2016, na Februari 2024 ikaongeza orodha na nukuu. Ziko hivi:

- Nyota: *Jumapili* huwa herufi nzito
- Kistari cha chini: _tafadhali_ huwa herufi zilizolala
- Kiwimbi: ~Jumamosi~ hukatwa mstari katikati
- Kistari na nafasi mwanzoni mwa mstari: hutengeneza orodha ya vitone
- 1. na nafasi: orodha ya namba
- > na nafasi: nukuu ya maneno ya mtu mwingine

Kwa hiyo taarifa ile ingeandikwa hivi, tena juu kabisa ya ujumbe:

*KIKAO:* ~Jumamosi~ *Jumapili, saa 4 asubuhi*

Msomaji anaona siku ya zamani imekatwa na mpya imekolezwa. Bei ya gunia la mahindi au machungwa ikibadilika, mbinu ni ileile: kata ya jana, koleza ya leo.

Mbona nyota zangu hazifanyi kazi?

Mara nyingi tatizo ni nafasi. Alama inatakiwa igusane na neno. Ukiandika nyota, ukaacha nafasi, kisha neno, WhatsApp inadhani unaanza orodha. Pia kila mstari uwekewe alama zake, usifungue juu ukafunga mistari mitatu chini.

Kama kiwimbi hukioni, kwenye kibodi nyingi za Android bonyeza ?123 kisha =\<. Njia nyingine ni kushikilia neno ndani ya WhatsApp mpaka menyu itokee, halafu uchague mtindo unaoutaka.

Kila mtandao na sheria zake

Hapa ndipo wengi wanapochemka. Telegram inataka nyota mbili kila upande ili neno liwe zito. Reddit na Discord zinatumia Markdown, mfumo uliotolewa na Mmarekani John Gruber mwaka 2004. Humo nyota moja hulaza neno, mbili hulikoleza.

Kwa Mtanzania kuna mtego wa ziada. Ukiandika *150*00# mahali penye Markdown, mfumo unadhani nyota zile ni za kupamba, unazimeza, na msomaji anabaki na 15000#. Akipiga hivyo hafiki kwenye menyu ya pesa. Dawa yake ni kuzungushia namba nzima alama hii ` mwanzoni na mwishoni, ili mfumo uiache kama ilivyo.

Na kwenye majukwaa ya mijadala?

Huko ndiko kwenye mabano ya mraba. Mfumo unaitwa BBCode, na ulianza mwaka 1998. Unafungua kwa [b] na kufunga kwa [/b], ule mkwaju ndio unaofunga. Herufi i hulaza, s hukata, na quote hunukuu. Majukwaa mengi ya sasa yana vitufe vinavyofanya kazi hiyo kwa niaba yako, lakini mabano hujitokeza pale unapohariri kwa simu na kufuta kipande kimoja kwa bahati mbaya.

La kuchunga zaidi ni nukuu. Ukiandika jibu lako kabla ya [/quote], maneno yako yanatokea ndani ya boksi lenye jina la mwenzako. Kwenye mjadala wa ardhi au siasa, kumlisha mtu maneno ambayo hakuyasema ni ugomvi wa bure. Hakiki kabla ya kutuma.

SMS haijui nyota

Si kila mtu ana simu janja. Ujumbe wenye alama ukipelekwa kwa SMS, alama zinabaki alama: anayepokea ataona viwimbi viwili na siku mbili, asijue ipi ni ipi. Kwa SMS andika kwa maneno: "Kikao si Jumamosi tena, ni Jumapili."

Usikoleze kila kitu

Ujumbe uliokolezwa wote ni sawa na ambao haujakolezwa kabisa, jicho halijui litue wapi. Chagua vitu viwili au vitatu: siku, saa, kiasi.

Na kumbuka, herufi nzito si muhuri. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" nao wanajua kuweka nyota. Ukiona namba ya malipo imekolezwa kwenye kundi, mpigie kwanza mweka hazina kwa namba yake unayoijua, usikie sauti yake, ndipo utume.